Thuria ya Zambarau: Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Ilikuwa ya Nani



 Mara hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo kwa kulitazama tu laonekana dogo: kununua taa. Hatukusudii balbu ya kawaida ya dukani. Tunakusudia zile taa kubwa za zamani za kuning'inia, zenye matawi na vipande vya vioo, na hasa za rangi ya zambarau, ambazo siku hizi zinatafutwa kwa ajili ya sebule, kumbi za harusi na hata misikiti.

Kwa Kiswahili taa ya namna hiyo inaitwa thuria. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na kwa Waarabu ndilo jina la kikundi kile cha nyota ambacho wakulima wa Kiswahili wanakiita Kilimia. Anayetazama taa yenye vioo vingi vinavyometameta pamoja ataona kwa nini jina limefanana.

Sisi tunaofundisha madrasa hapa Kuluva, kwenye barabara ya kutoka Arua kwenda Nebbi, hatukuwa tukiulizwa habari za thuria zamani. Nani angeuliza? Kwa miaka mingi umeme wa Arua ulitegemea jenereta za mafuta, na kituo cha maji cha Nyagak kilichoanza kazi mwaka 2012 kina uwezo wa megawati 3.5 tu. Mwenye nyumba alishukuru akipata balbu moja iwake mpaka Isha. Watoto wetu wengi walisoma kwa koroboi, au tadoba kama wengi wanavyoiita huku, na asubuhi walikuja madrasa pua zao zina masizi. Mwaka 2024 gridi ya taifa ilipofika Nile Magharibi, mambo yalibadilika. Watu wakaanza kufikiria uzuri wa taa, sio kuwaka kwake tu. Hilo ni jambo la kheri, lakini lina maswali yake, na tumeona tuyaeleze kwa kisa kilichotokea katika jamaa yetu.

HAJATI NA SADAKA YAKE

Katika jamaa yetu yuko Hajati mmoja, mfanyabiashara anayekwenda na kurudi kati ya soko la Ariwara, upande wa Kongo, na Arua. Mume wake alifariki, Allah amrehemu, na Hajati akanuia kumtolea sadaka inayoendelea. Alikuja madrasa siku moja baada ya Alasiri akatuambia:

"Mwalimu, nimeiona taa Arua. Ya zamani, ya zambarau, ina matawi manane. Nataka iwekwe msikitini kwa ajili ya mzee."

Tukamuuliza bei. Akasema shilingi 2,400,000.

Tukamwambia, "Hajati, fedha hizo ni nyingi. Huoni kuwa taa za kawaida zingetosha?"

Akatujibu, "Mwalimu, mzee alijifunza Qur'ani kwa tadoba, na amekufa macho yake yameharibika. Mimi sitaki kumtolea kitu cha kutosha. Nataka kitu kizuri."

Jibu hilo lilitunyamazisha, kwa sababu lina haki ndani yake. Masikini naye ana haki ya uzuri. Na taa misikitini ni jambo la tangu zamani: wanachuoni wanamtaja sahaba Tamim ad-Dari, mtu wa Sham, kuwa ndiye aliyeanza kuwasha kandili katika msikiti wa Madina. Katika karne ya 13 na ya 14 mafundi wa Misri na Sham walitengeneza kandili za vioo vilivyonakshiwa kwa rangi na dhahabu, na nyingi kati yake ziliandikwa ile aya ya 35 ya Suratun Nur inayotaja taa ndani ya kioo. Kandili hizo zilining'inizwa kwa minyororo katika misikiti ya Cairo, na leo zimehifadhiwa katika makumbusho. Karibu na zama zetu, msikiti mkuu wa Sultan Qaboos huko Muscat, uliofunguliwa mwaka 2001, una thuria yenye urefu wa mita 14. Na hapa kwetu Uganda, anayezuru msikiti wa taifa pale Old Kampala, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, huonyeshwa thuria na kuambiwa kuwa zimetoka Misri.

Kwa hiyo hatukumkatalia. Tulikubaliana twende pamoja tukaitazame, yeye, mwanawe wa kiume anayesoma chuo kikuu, na sisi.

ZAMBARAU INATOKA WAPI

Kabla ya kwenda tuliwaeleza jambo ambalo tungependa kila mnunuzi alijue. Kioo kinatengenezwa kwa mchanga, na mchanga mara nyingi una chuma kidogo ndani yake, ndiyo maana kioo cha kawaida hutoka na ukijani. Mafundi wa zamani waliondoa ukijani huo kwa kutia manganizi kidogo, mpaka dawa hiyo ikaitwa sabuni ya vioo. Wakitia nyingi, kioo hutoka zambarau moja kwa moja. Hiyo ni zambarau ya kukusudiwa.

Iko zambarau ya pili isiyokusudiwa. Kioo cheupe kilichotiwa manganizi kikikaa juani miaka mingi, miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, hukibadilisha polepole kikawa na rangi ya zambarau nyepesi. Vioo vya namna hii vingi ni vya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na miaka ya karibu yake, kwani baadaye viwanda viliacha manganizi vikatumia seleniamu. Wenye kupenda vitu vya kale huvithamini. Kwa sababu hiyo wako wafanyabiashara katika nchi za mbali wanaochukua vioo vya zamani vyeupe na kuvipiga mionzi kwa mashine, vikageuka zambarau nzito kwa muda mfupi, kisha wakapandisha bei.

Iko ya tatu, nayo ni ya ajabu zaidi. Kioo kilichotiwa neodimiamu huonekana zambarau kwenye mwanga wa jua na wa balbu ya moto, lakini chini ya taa za mirija hugeuka kuwa na ubuluu. Mtu anaweza kununua taa ya zambarau mchana, akafika nyumbani usiku akaona amenunua kitu kingine!

Na iko ya nne, iliyo nyingi sokoni: kioo cheupe, au plastiki, iliyopakwa rangi juu.

Neno kristali nalo lina maana yake. Kristali ya kweli ya mafundi ni kioo kilichochanganywa na risasi. Mwingereza George Ravenscroft aliisajili njia hiyo mwaka 1674, na katika sheria za Ulaya kioo huitwa kristali ya risasi kikiwa na asilimia 24 au zaidi ya oksidi ya risasi. Risasi ndiyo inayokipa uzito, na ndiyo inayoufanya mwanga upasuke kuwa rangi za upinde wa mvua. Kuining'iniza darini hakuna dhara, ila mtoto asiachwe avitie vipande hivyo mdomoni, na anayevisafisha anawe mikono.

TULIVYOIPIMA

Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alitupa viti, akaishusha thuria yake kutoka kwenye ndoano na kuilaza juu ya blanketi. Ilikuwa nzuri, hatutaficha. Matawi manane ya shaba, na vipande vinavyoning'inia kama zabibu.

Kijana akasema, "Sheikh, jua la Afrika ndilo lililoipaka rangi. Miaka mingi hiyo."

Hapo mwana wa Hajati akacheka kidogo akasema, "Kaka, taa hukaa ndani ya nyumba. Jua liliipata wapi?"

Ndugu zetu, hilo ni swali zuri na halihitaji kifaa chochote. Chupa iliyotupwa shambani hupata jua. Dirisha hupata jua. Thuria ya sebuleni haipati. Basi tukaendelea kwa vipimo vya kawaida ambavyo kila mtu anaweza kuvifanya:

Kwanza, sumaku. Shaba halisi haivutwi na sumaku. Chuma kilichopakwa rangi ya shaba huvutwa. Matawi ya thuria ile hayakuvutwa.

Pili, uzito na baridi. Kioo kikishikwa ni kizito na cha baridi, plastiki ni nyepesi na huchukua joto la mkono upesi. Vipande vilikuwa 64. Tulipovishika kimoja kimoja, vioo vilikuwa 41 na plastiki 23.

Tatu, tundu. Kila kipande kina tundu dogo la kupitisha waya. Rangi ikiwa ya kupaka, huchubuka hapo kwanza. Vile vioo 41 rangi yake ilikuwa ndani kabisa, na vile 23 vilikuwa vimepakwa.

Nne, mwanga. Tulikipeleka kipande cha kioo mlangoni kwenye jua, kikatupa rangi za upinde wa mvua ukutani. Cha plastiki kilitupa kivuli tu. Halafu tukakitazama kile cha kioo chini ya taa ya mirija ya dukani, na rangi haikugeuka.

Tano, nyaya. Hili ndilo la usalama. Nyaya za zamani hufunikwa kwa kitambaa na mpira, na mpira ukizeeka hukatika kama biskuti. Hizi zilikuwa zimekatika mahali pawili, wala hapakuwa na waya wa ardhi. Mtu asiwashe taa ya namna hii kabla fundi wa umeme hajaibadilisha nyaya zote. Ikiwa imetoka Marekani, ajue kuwa kule umeme ni volti 120 na kwetu ni 240, basi balbu zake na transfoma yake, kama ipo, hazitatufaa.

Kijana hakubishana. Alisema, "Hizo plastiki hata mimi sikuzijua, Sheikh. Nitapunguza." Akashuka mpaka 1,500,000. Tukamsifu kwa hilo, kwani sote twakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya fungu la nafaka akakuta chini kuna maji, akamkemea mwenye mali kwa kuficha. Muuzaji wa vitu vya kale ana wajibu uleule: aibu ya kitu aiweke juu ili watu waione. Na mnunuzi katika dini yetu ana haki ya kurudisha kitu akiona aibu iliyofichwa.

Mpaka hapo biashara ilikuwa karibu kukamilika. Hajati alikuwa ameshafungua mkoba.

NENO LILILOBADILISHA MAMBO

Yule kijana, kwa kutaka kututuliza kuwa vile vioo ni vya kale kweli, akasema:

"Hajati usiwe na wasiwasi, hii ni asili. Ilitoka kwa Wahindi Kampala, mwaka 1972. Mzee aliyetuuzia alikuwa askari."

Kwa mfanyabiashara hilo lilikuwa neno la kusifia mali. Kizuri chajiuza, wanasema. Lakini Hajati aliufunga mkoba wake akakaa kimya.

Vijana wetu wanafunzi, huenda wengine hamjui. Mwezi wa Agosti 1972 Rais Idi Amin, ambaye kwao ni Koboko, hapa hapa kwetu, alitangaza kuwa watu wa asili ya Bara Hindi watoke Uganda katika siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka. Maduka, majumba na vyombo vilibaki. Vingine waliviuza kwa bei ya kutupa kwa sababu siku zilikuwa zinakwisha, vingine waliwaachia rafiki na watumishi wao, vingine vilichukuliwa na serikali, na vingine vilichukuliwa tu na aliyekuwa na nguvu. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo Waislamu wengi, Ismailia, Bohora na Sunni. Hata wasingekuwa Waislamu, mali ya mtu ni mali yake.

Hajati akamuuliza, "Mwanangu, huyo mzee aliinunua au aliichukua?"

Kijana akasema hajui. Akapiga simu kwa mwenye duka, na mwenye duka akasema yule mzee ameshafariki na hapakuwa na karatasi.

Tulitoka nje tukakaa kivulini. Mwana wa Hajati hakuridhika. Akasema, "Mama, ni zaidi ya miaka hamsini. Na wale Wahindi serikali iliwarudishia mali zao. Tukiiacha sisi, mwingine ataichukua. Tutakuwa tumemfaa nani?"

Maneno haya msiyadharau, ni maneno ya watu wengi wenye akili. Ni kweli kwamba mwaka 1982 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kurudisha mali zilizotwaliwa, na katika miaka ya 1990 wengi walirudishiwa majumba na viwanda. Lakini nani aliyerudishiwa taa ya sebuleni? Sufuria? Picha za ukutani? Sheria iliangalia nyumba na biashara, na vyombo vidogo vilibaki kwenye mikono vilikoangukia.

Ndipo Hajati akatueleza jambo ambalo hata mwanawe hakuwahi kulisikia. Na ametupa idhini tuliandike.

Mwaka 1979 serikali ya Amin ilipoanguka, na hasa mwaka 1980 vita vilipoingia Nile Magharibi, watu wa huku nao walikimbia. Mamia ya vijiji vilibaki vitupu, watu wakavuka kwenda Kongo na Sudan. Hajati alikuwa msichana. Mama yake alikuwa na cherehani ya kukanyaga, na juu ya meza yake palikuwa na alama ya kuungua, pasi ya mkaa ilipoangushwa hapo. Hawakuweza kuibeba. Waliporudi baada ya miaka, nyumba haikuwa na mlango wala mabati. Siku moja, katika mji mwingine, alipita kwenye baraza ya mtu akaiona cherehani ile, na alama ileile. Mwenye nyumba alikuwa mama mpole, akamwambia aliinunua sokoni.

"Yule mama hakuiba, Mwalimu," Hajati akasema. "Aliinunua kwa jasho lake. Sikumdai. Lakini mama yangu alikufa hana cherehani, na mimi niliiona ikishona nguo za wengine. Leo nimtolee mzee sadaka ya taa, na labda yuko mtoto wa mtu huko London anaijua taa hiyo kama nilivyoijua cherehani yetu?"

Mwanawe hakujibu.

HUKUMU NA TAHADHARI

Hapa tunataka tuseme kwa uangalifu. Sisi hatukusema kuwa thuria ile ni ya wizi. Huenda mwenyewe aliiuza kwa ridhaa. Huenda alimpa askari yule kama zawadi. Hakuna aliyejua, na kumtuhumu maiti kwa dhana si katika tabia zetu. Wala hatusemi kuwa kila kitu cha zamani kutoka nyumba ya Mhindi ni haramu. Lakini shaka ilikuwapo, na tena aliyeileta ni muuzaji mwenyewe. Nasi tumefundishwa kuwa penye shaka tukae mbali, hasa kwa kitu ambacho hatukihitaji kwa dharura.

Kuhusu muda, wanachuoni wanasema kuwa kitu kilichoporwa hakiwi halali kwa kukaa sana. Mwenyewe akijulikana arudishiwe, au warithi wake. Akiwa hajulikani kabisa na hakuna njia ya kumpata, wengi wao wanasema kitolewe sadaka kwa niaba ya mwenyewe, thawabu ziwe zake. Basi hata hapo Hajati asingeweza kumtolea mumewe. Angekuwa anatoa cha mtu mwingine kwa jina la mzee.

Na kuna kisa ambacho tuliwasomesha wanafunzi wetu wiki hiyohiyo. Makureishi walipoijenga upya Al-Kaaba, kabla Mtume (s.a.w.) hajapewa utume, walikubaliana kuwa jengo hilo lisiingizwe ila mali safi, isiyo ya riba wala ya dhulma. Walikuwa washirikina, lakini hilo walilijua. Fedha safi zikawapungukia, wakalifupisha jengo, na sehemu iliyobaki nje ndiyo Hijri inayozunguushiwa ukuta mfupi mpaka leo. Walikubali nyumba iwe ndogo kuliko kuikamilisha kwa mali yenye shaka. Sisi tutakubali taa iwe ndogo?

Yanayosemwa juu ya Kampala yanahusu pia sehemu nyingine. Zanzibar, baada ya mapinduzi ya Januari 1964, majumba mengi yalitaifishwa na vyombo vikatawanyika. Mashariki ya Kongo nako, na Sudan Kusini, vita vimeacha nyumba tupu mara nyingi, na vitu vyake vinavuka mipaka mpaka masoko yetu ya Arua na Koboko. Anayenunua leo mlango, kitanda au taa ya bei nafuu mno aulize imetoka nyumba ya nani, na mwenye nyumba yuko wapi.

MWANGA WENYEWE

Tuliporudi Kuluva tulilitazama jambo kwa upande mwingine pia, upande wa kazi ya taa. Kioo cha zambarau hula mwanga. Kinapendeza kutazamwa, lakini mtoto akikaa chini yake na msahafu, herufi nyeusi kwenye karatasi huzama katika wekundu na ubuluu. Amirul Muuminina Umar (r.a.) alipoamuru msikiti ujengwe aliwataka wawakinge watu na mvua, na akatahadharisha juu ya rangi nyekundu na ya njano zisije zikawashughulisha wanaosali. Zambarau hakuitaja, lakini sababu ni moja.

Hesabu nayo ni rahisi. Matawi manane yenye balbu za moto za wati 40 ni wati 320. Zikiwaka saa 3 kila usiku, kwa siku 30 ni karibu uniti 29. Balbu za LED za wati 5 kwa matawi yaleyale ni wati 40, na kwa mwezi ni uniti 3.6 tu. Mara nane! Na thuria ya kilo nyingi haifungwi kwenye ubao wa dari. Ifungwe kwenye boriti au kenchi yenye nguvu, kwa mnyororo, wala isiningʼinie kwa waya wa umeme. Chini yake hukaa watoto wa watu.

Hajati alichukua siku tatu kufikiri, akarudi na uamuzi wake. Alinunua taa nyeupe za LED kwa ukumbi wa msikiti na kwa madrasa, za kutosha kila safu. Kwa ajili ya baraza ya kuingilia, mahali pasiposomwa kitu, akanunua fanusi mpya moja ya kioo cha zambarau, yenye risiti, kwa shilingi 180,000. Fundi akalipwa. Fedha zilizobaki hakuzirudisha mkobani. Alisema, "Nimenuia taa, basi ziwe za uniti na za balbu zitakazoungua." Tukaziandika katika daftari la wakfu kwa sharti hilo, kwa sababu fedha iliyotolewa kwa taa haihamishwi ikawa ya mkeka. Na tunasema kwa wazi: taa isiyo na uniti si sadaka inayoendelea, ni pambo.

Mwanawe bado anasema tungeweza kuinunua ile thuria tukaitafutia wenyewe. Hatukumpinga. Kama yuko kijana mwenye muda na uwezo wa kufanya hivyo, atakuwa amefanya jambo kubwa kuliko sisi.

NASAHA KWA FAMILIA

Ndugu zetu, kwa kufupisha, anayetaka kununua thuria au taa yoyote ya zamani ajiulize haya kwa mpangilio huu:

1. Ilikuwa ya nani, na ilitokaje mikononi mwake? Kama kuna karatasi, iombe. Kama hakuna, mtafute aliyeiuza kabla.
2. Ni kitu gani hasa? Sumaku, uzito, tundu la waya, mwanga wa jua, na mwanga wa taa utakayoitumia wewe.
3. Itaning'inia wapi, na nani atakaa chini yake?
4. Itakula uniti ngapi kwa mwezi, na nani atalipa?
5. Ndipo uulize bei.

Wengi wetu huanza na la tano.

Na kwenu wanafunzi tunaomba jambo moja. Likizo hii kaeni na babu na bibi zenu, muwaulize vitu vya nyumbani vimetoka wapi: sanduku, saa ya ukutani, cherehani, taa. Waulizeni pia waliacha nini walipokimbia. Andikeni majibu yao katika daftari. Historia ya Nile Magharibi haiko vitabuni tu, na wanaoijua wanapungua kila mwaka. Huenda mkasikia mambo yanayouma. Sikilizeni bila kuhukumu, kwani katika nyumba moja anaweza kuwapo aliyeporwa na aliyechukua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie mali zetu ziwe safi, awarehemu waliotutangulia, na atie nuru makaburi yao na nyumba zetu. Amin.